Kichina cha Mlangoni: Maneno ya Kuingilia Kwenye Maonyesho, Makumbusho na Kumbi za China

"Hē yì kǒu," mlinzi aliniambia huku akionyesha chupa yangu ya maji. Nilikuwa nimesoma Kichina darasani karibu mwaka mzima. Niliweza kueleza familia yangu, kazi yangu na chakula ninachokipenda. Nikadhani ananikataza kuingia na maji, nikaitupa chupa kwenye pipa. Akatikisa kichwa. Mama mmoja nyuma yangu akafungua chupa yake, akapiga funda moja mbele ya mlinzi, akapita. Kumbe ndiyo maana yake: kunywa funda moja, nione kama ni maji kweli. Maneno matatu, yote nilikuwa nayajua, ila sikuwahi kuyasikia yakitoka kwa mtu aliyesimama kati yangu na mlango.

Tangu siku hiyo, kila anayeniomba nimfundishe Kichina cha safari namfundisha kwa mpangilio wa milango. Wengi ni wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou kufunga mzigo, hasa msimu wa Maonyesho ya Canton, maonyesho makubwa ya biashara ya mji huo. Wengine ni wanafunzi wanaotaka kuona makumbusho, mechi na matamasha. Vitabu vya maneno ya safari hukazania kusema. Mlangoni kazi kubwa ni kusikia na kusoma, maana anayesema ni mlinzi na anayeelekeza ni ubao. Mfano wangu mkuu utakuwa Maonyesho ya Canton, kwa kuwa pale utakutana na karibu kila aina ya mlango kwa siku moja.

## Hatua ya 1: Weka ulimi sawa

Pinyin ni matamshi ya Kichina yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini. Ukiyasoma kama Kiswahili utapotea, kwa hiyo siku mbili tatu za kwanza zitumie hapa tu.

Anza na pumzi. Wazee wa Mombasa wanaosema Kimvita hutofautisha paa la nyumba na p'aa wa porini: la pili hutoka na upepo. Vivyo hivyo kaa la moto na k'aa wa pwani. Kichina kimesimama juu ya tofauti hiyohiyo. Katika pinyin, b, d na g ni p, t na k kavu, zisizo na pumzi. P, t na k zenyewe ndizo zenye upepo. Shika kijikaratasi mbele ya mdomo. Ukisema bāo (mkoba) kisitikisike. Ukisema piào (tiketi) kiyumbe. Kama una bibi au babu wa Kimvita, mwombe akusomee paa na p'aa mara kumi. Sijaona mwalimu bora wa jambo hili.

Herufi q ni "ch" yenye pumzi, ncha ya ulimi ikiwa imegusa nyuma ya meno ya chini. X ni "sh" laini ya mahali hapohapo. Zh, ch na sh hutamkwa ulimi ukiwa umekunjwa kurudi nyuma. C ni "ts" yenye pumzi. Na "ng" ya mwisho ni ile ya ng'ombe, ikiishia hapo bila irabu. Sisi tumezoea kufunga neno kwa irabu, na hapo ndipo zhèng (hati) hugeuka "zhengi" na mlinzi anakukodolea macho.

Toni ni nne: ya kwanza imenyooka juu (ā), ya pili inapanda (á), ya tatu inazama chini (ǎ), ya nne inashuka ghafla kama amri (à). Waliolelewa katika Kikuyu, Kijaluo, Kichaga au Kiganda wana mtaji tayari, maana lugha zao hutenganisha maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Kwa mfanyabiashara jozi moja inatosha kuonyesha uzito wa jambo: 买 mǎi ni kununua, 卖 mài ni kuuza.

## Hatua ya 2: Jifunze koo, acha neno mojamoja

Herufi za Kichina huoana na kuzaa. Ukiijua mama, watoto utawakisia. Kwa mlangoni, koo sita zinakutosha kwa kuanzia.

Ya kwanza ni 口 kǒu, mdomo. Itazame: ni kisanduku kilicho wazi, kama kinywa. 入口 rùkǒu ni mdomo wa kuingilia, 出口 chūkǒu ni mdomo wa kutokea, 检票口 jiǎnpiàokǒu ni geti la kukagulia tiketi, 窗口 chuāngkǒu ni dirisha la huduma, 门口 ménkǒu ni mlangoni, mahali mnapopeana miadi. Na kile "kǒu" cha mlinzi wangu ndicho hichihichi: funda moja ni "mdomo mmoja".

Hapa kuna jambo linalowachanganya wafanyabiashara. 出口 pia ni kuuza bidhaa nje ya nchi, na 进口 jìnkǒu ni kuingiza kutoka nje. Jina kamili la Maonyesho ya Canton ni 中国进出口商品交易会, na lile 进出口 la katikati ni "kuingiza na kutoa". Maonyesho yalianza 1957, na hadi 2007 jina lilikuwa na 出口 peke yake, kwa kuwa lengo lilikuwa kuuza nje. Kwa hiyo ukiona 出口 juu ya mlango wenye mshale, ni njia ya kutokea. Ukiiona kwenye kadi ya kiwanda, wanakwambia wana uzoefu wa kusafirisha nje. Kwa mazungumzo ya kila siku kila mtu husema 广交会 Guǎngjiāohuì. Jifunze hilo, dereva wa teksi hatajua "Canton".

Ukoo wa 票 piào, tiketi: 门票 ménpiào ni tiketi ya kiingilio, 买票 mǎi piào kununua, 取票 qǔ piào kuchukua uliyokwisha kulipia, 退票 tuì piào kuirudisha, 学生票 xuéshēng piào ya mwanafunzi, 免票 miǎnpiào kuingia bure. 发票 fāpiào si tiketi, ni risiti rasmi ya kodi, nayo utaihitaji kama kampuni ndiyo iliyokulipia safari.

证 zhèng ni hati: 签证 qiānzhèng viza, 身份证 shēnfènzhèng kitambulisho cha taifa, 证件 zhèngjiàn hati kwa jumla, 办证 bàn zhèng kutengenezewa beji. Pasipoti peke yake iko nje ya ukoo huu: 护照 hùzhào.

馆 guǎn ni jengo la watu wengi: 博物馆 bówùguǎn makumbusho, 体育馆 tǐyùguǎn ukumbi wa michezo, 展馆 zhǎnguǎn jumba la maonyesho, 大使馆 dàshǐguǎn ubalozi. 场 chǎng ni uwanja, na pia tukio lenyewe: 入场 rùchǎng kuingia ukumbini, 开场 kāichǎng kuanza, 散场 sànchǎng kutawanyika. 处 chù ni mahali pa shughuli fulani: 售票处 shòupiàochù panapouzwa tiketi, 寄存处 jìcúnchù pa kuacha mizigo, 签到处 qiāndàochù pa kusaini mahudhurio kwenye semina au harusi.

## Hatua ya 3: Zoeza sikio kwa sauti ya mlinzi

Hapa ndipo nawasihi watu wakae muda mrefu kuliko pengine popote. Mlinzi hasemi sentensi za kitabuni. Anakata maneno na anasema haraka, naye ameshayasema mara elfu tangu asubuhi.

Mlango wa kwanza ni 安检 ānjiǎn, ukaguzi wa usalama; upo hata kwenye treni ya chini ya ardhi. Utasikia "bāo guò yíxià" (pitisha mkoba kwenye mashine), "dǎkāi" (fungua), "shǒu tái qǐlái" (inua mikono), "zhuǎnshēn" (geuka), "yǒu dǎhuǒjī ma?" (una kiberiti cha gesi?), na "hē yì kǒu". Ukiulizwa kuhusu 充电宝 chōngdiànbǎo, wanataka kuona pawabenki yako. Kiberiti cha gesi kiache hotelini kabisa.

Mlango wa pili ni wa hati. "Qǐng chūshì zhèngjiàn" ni maneno ya ubaoni na ya kipaza sauti: tafadhali onyesha hati. Mlinzi mwenyewe atasema "hùzhào kàn yíxià", nione pasipoti kidogo. Sehemu nyingi siku hizi hutumia 实名制 shímíngzhì, yaani tiketi imefungwa kwenye jina na namba ya hati yako. Hakuna kumpa rafiki. Kasri la kale la Beijing, 故宫 Gùgōng, ni mfano mzuri: unaweka nafasi mtandaoni kwa namba ya pasipoti na kuingia na pasipoti hiyohiyo. Neno la kuweka nafasi ni 预约 yùyuē. Ukiulizwa "yùyuē le ma?", jibu ni "yùyuē le" kama umeweka, au "méi yǒu" kama hujaweka.

Mlango wa tatu ni mashine. 刷 shuā, kwa asili, ni kupiga brashi. Leo ni kugusisha beji, kadi au hata uso kwenye mashine. 扫码 sǎo mǎ ni kuskani msimbo wa QR, na 扫 yenyewe ni kufagia. Mlinzi akisema "shuā zhèng", weka beji kwenye kisomeo. Akisema "kàn jìngtóu", tazama kamera. Mashine nyingi husoma kitambulisho cha taifa cha Wachina tu, kwa hiyo usisimame hapo ukihangaika. Tafuta ubao wa 人工通道 réngōng tōngdào, njia inayohudumiwa na mtu. Kama ningeruhusiwa kukufundisha neno moja tu la mwongozo huu wote, lingekuwa hilo.

Halafu kuna maneno ya kuelekeza: "zhèbiān" huku, "nàbiān" kule, "páiduì" panga foleni, "děng yíxià" subiri kidogo, "kěyǐ" sawa, "bùxíng" haiwezekani.

Namna ya kufanya zoezi: mwombe mtu anayejua Kichina akurekodie kila neno mara tatu, mara moja polepole na mara mbili kwa kasi ya kawaida, kwenye WhatsApp. Sikiliza huku umesimama, na kila ukisikia fanya kitendo chenyewe. Geuka, inua mikono, toa pasipoti mfukoni. Mwili ukishazoea, siku ya siku hutasubiri kichwa kitafsiri.

## Hatua ya 4: Sentensi zako chache

Wewe unahitaji sentensi kama nane. Zikariri nzimanzima.

入口在哪里? Rùkǒu zài nǎlǐ? Lango la kuingilia liko wapi? Beijing utasikia "nǎr" badala ya "nǎlǐ". Kusini tumia nǎlǐ.

我没有身份证,可以用护照吗? Wǒ méiyǒu shēnfènzhèng, kěyǐ yòng hùzhào ma? Sina kitambulisho cha hapa, naweza kutumia pasipoti?

我已经预约了。 Wǒ yǐjīng yùyuē le. Nimeshaweka nafasi.

在哪里办证? Zài nǎlǐ bàn zhèng? Beji hutengenezwa wapi?

出去还能进来吗? Chūqù hái néng jìnlái ma? Nikitoka naweza kurudi ndani? Uliza hili kabla ya kutoka kwenda kula.

我的证丢了。 Wǒ de zhèng diū le. Beji yangu imepotea.

请再说一遍。 Qǐng zài shuō yí biàn. Tafadhali rudia. Ongeza "màn yìdiǎn", polepole kidogo.

两张票。 Liǎng zhāng piào. Tiketi mbili. Hapa mtu wa Kiswahili ana faida. Tumezoea ngeli, kwa hiyo haitushangazi kwamba kitu bapa kama tiketi kinahesabiwa kwa 张 zhāng, na mtu wa kuheshimiwa kwa 位 wèi. Ukiulizwa "jǐ wèi?", unaulizwa kwa adabu: mko wangapi? Kumbuka pia kwamba mbili ya kuhesabia vitu ni liǎng, siyo èr.

Kuhusu adabu: hakuna shikamoo wala mlolongo wa habari za nyumbani, lakini usianze na swali kavu. Anza na "nǐ hǎo", au "nín hǎo" kwa aliyekuzidi umri. Mlinzi au dereva wa makamo mwite "shīfu", neno lililo karibu sana na "fundi" tunavyomwita mtu kwa heshima ya kazi yake. "Bù hǎoyìsi" ni samahani ya kupenya kwenye safu ya viti. Epuka kumwita msichana "xiǎojiě" peke yake, linaweza kusikika vibaya.

## Hatua ya 5: Namba, saa na siku, mahali tunapokosea sisi

Nimeona watu wenye Kichina kizuri wakikosa tukio zima kwa sababu ya hesabu ya saa. Sisi tunahesabu kutoka machweo na mapambazuko. Wachina wanasoma namba iliyo kwenye saa. 晚上七点 wǎnshang qī diǎn, "saa saba usiku" kwa neno, ni saa moja yetu ya usiku. 下午两点半 xiàwǔ liǎng diǎn bàn ni saa nane na nusu mchana. Ukisema "yī diǎn" ukimaanisha saa moja yetu, umemwambia mwenzako mje saa saba. Na China iko saa 5 mbele ya Afrika Mashariki, jambo la kukumbuka unapowinda tiketi mtandaoni ukiwa Dar au Nairobi.

Siku za wiki zina mtego mwingine. Kwao Jumatatu ni siku ya kwanza: 周一 zhōuyī. Kwetu jina lenyewe linasema tatu. Kanuni ni rahisi: ongeza mbili. Zhōuyī (1) ni Jumatatu, zhōu'èr (2) ni Jumanne, zhōusān (3) ni Jumatano. Zhōusì ni Alhamisi, zhōuwǔ Ijumaa, zhōuliù Jumamosi, zhōurì Jumapili. Makumbusho mengi huandika 周一闭馆 zhōuyī bìguǎn, Jumatatu tumefunga. Gùgōng nayo hufunga Jumatatu isipokuwa sikukuu. Anayeisoma 一 kama Jumamosi ataahirisha ziara bure, kisha Jumatatu atafika mbele ya lango lililofungwa.

Tarehe huanza na mwezi: 10月15日 ni tarehe 15 mwezi wa kumi. Ndiyo siku yanapofunguliwa Maonyesho ya Canton ya vuli. Ya masika hufunguliwa 15 Aprili. Kila msimu una vipindi vitatu, na neno la kipindi ni 期 qī. Kipindi cha kwanza, 第一期 dì yī qī, ni cha elektroniki na mashine. Vitu vya nyumbani na vifaa vya ujenzi viko cha pili. Nguo ziko cha tatu. Mtu wa vitenge akifika dì yī qī atazunguka kati ya majenereta.

Namba zenyewe: tofautisha 4 sì na 10 shí kwa toni na kwa ulimi. Namba ndefu zinaposomwa, 1 huwa yāo badala ya yī. Na tazama mikono. Mchina akikunyooshea kidole gumba na cha shahada pamoja, hiyo ni nane. Gumba na kidole cha mwisho ni sita. Ukielekezwa lango namba nane kwa ishara ukaenda lango la pili, ni mwendo mrefu wa kurudi.

## Hatua ya 6: Ndani

Ghorofa kwanza. 一楼 yī lóu ni ya chini kabisa, usawa wa barabara. 二楼 èr lóu ndiyo ghorofa yetu ya kwanza. Kwenye Maonyesho ya Canton hili ni la lazima, kwa sababu namba ya banda huibeba ghorofa ndani yake. 10.2A15 maana yake ni jumba la 10, ghorofa yao ya 2, safu A, banda la 15. Eneo lote limegawanywa A, B, C na D, na D iliongezwa 2023. Neno la banda ni 展位 zhǎnwèi, la eneo ni 区 qū. Treni ya chini ya ardhi, njia namba 8, ina vituo viwili karibu: 新港东 Xīngǎngdōng na 琶洲 Pázhōu. Angalia kwanza banda lako la kwanza liko qū ipi, ndipo uchague pa kushukia.

Kwenye ukumbi wa maigizo au muziki, 排 pái ni safu na 号 hào ni namba ya kiti. Kumbi nyingi huhesabu viti kutoka katikati: namba witiri, 单号 dānhào, upande mmoja, namba shufwa, 双号 shuānghào, upande wa pili. Kwa hiyo kiti cha 7 kimepakana na cha 9, na cha 8 kiko ng'ambo. Mkitaka kukaa pamoja, kagua hilo kabla ya kulipa. Wakati mwingine hata milango hutenganishwa hivyo.

Mbao za makatazo zina herufi mbili za kukumbuka: 禁 jìn na 勿 wù. Ukiona mojawapo, kuna jambo usilifanye. 禁止吸烟 jìnzhǐ xīyān usivute sigara, 请勿拍照 qǐng wù pāizhào usipige picha, 请勿触摸 qǐng wù chùmō usiguse. 游客止步 yóukè zhǐbù, wageni mwisho hapa. Kwenye vitasa, 推 tuī ni sukuma na 拉 lā ni vuta. Chooni, 男 nán wanaume, 女 nǚ wanawake; zichore mara ishirini kila moja usiku wa leo.

## Ratiba ya wiki tatu

Wiki ya kwanza: matamshi, halafu koo sita, mbili kwa siku, ukiandika kila herufi kwa mkono kwenye kadi. Wiki ya pili ni ya sikio tupu, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, pamoja na zile sentensi nane. Wiki ya tatu ni namba, saa na siku. Kila ukitazama saa yako itamke kwa Kichina kabla ya Kiswahili, na siku moja ya wiki hiyo mpange na mwenzako mchezo wa mlango, yeye awe mlinzi.

Pakua mapema kamusi ya Pleco, nayo hutafuta maneno bila intaneti. Huduma za Google hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya China, kwa hiyo usitegemee tafsiri yao ukiwa mlangoni. Andika kwenye karatasi jina la hoteli na la ukumbi kwa herufi za Kichina, uiweke ndani ya pasipoti.

Jioni, watu wakianza kutawanyika, fuata 出口 na herufi ya geti uliloingilia. Beji yako ya mnunuzi wa ng'ambo usiitupe: Maonyesho ya Canton huitambua tena misimu inayofuata. Irudishe kwenye bahasha moja na pasipoti, na mara ijayo utaanzia moja kwa moja kwenye "shuā zhèng".